Siku moja na wanafunzi wageni Lamu: gatini, darasani, chuoni

Alfajiri, baada ya swala, naanza na jedwali la maji kujaa na kupwa. Shule tunayokwenda iko kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Leo maji yanajaa mnamo saa 1, kwa hiyo mashua ing'oe nanga saa 12 na nusu, isipite hapo. Ukichelewa maji yakianza kutoka, mashua hukwama kwenye matope ya mikoko mkangoja yarudi. Julai ni msimu wa kusi, bahari ina mawimbi, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho.

Wageni wetu ni wanafunzi wa ualimu kutoka Marekani. Wamekuja kujifunza elimu ya Kenya na kujitolea kazi. Makaratasi yalikamilika kabla hawajapanda ndege: idhini ya kuingia nchini, kibali cha Uhamiaji (kazi ya kujitolea nayo ni kazi, hata bila mshahara), barua ya ofisi ya elimu, na cheti cha tabia njema kutoka kwao. Asiye na cheti hicho haingii darasani.

Saa 12 ni mahamri, mbaazi na chai, na masharti yanarudiwa watu wakiwa wanakula. Mabega na magoti yafunikwe. Simu zikae mkobani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 kuna shule nchini iliyotozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Peremende na kalamu hazigawiwi njiani. Siku mbili tu zatosha kwa watoto kuacha kuwaona wageni kama wageni na kuanza kuwaona kama wagawaji, wakachelewa darasani kwa kuwangojea gatini. Chochote kilicholetwa hukabidhiwa mwalimu mkuu na kuandikwa katika daftari la stoo.

Saa 2 ni gwaride. Kwa kuwa ni Jumatatu, bendera inapandishwa na wimbo wa taifa unaimbwa. Saa 2 na dakika 20 vipindi vinaanza, na wageni wanaingia wawili wawili, wakae nyuma. Hawafundishi. Hapa sina mjadala: mwalimu ana azimio la kazi la muhula mzima, na mgeni akishika Gredi ya 3 kwa wiki mbili, akiondoka mwalimu hulazimika kurudia mada zilezile kwa mpango wake. Kila mgeni ana karatasi yenye maswali matatu. Kitabu kimoja kinasomwa na watoto wangapi? Mwalimu anabadili lugha wakati gani? Ni nani hajaulizwa swali tangu kipindi kianze?

Swali la lugha ndilo lenye mavuno. Madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya eneo, na hapa ni Kiswahili, huku Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, kikiwa cha nyumbani. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi yanageuka Kiingereza. Mgeni aliyekaa Gredi ya 3 akahamia Gredi ya 4 huona mikono iliyokuwa juu wakati wa Hisabati ikipungua. Kutoa na kugawanya hakujabadilika, lakini mtoto sasa anatafuta maneno kabla ya kutafuta jibu.

Wakati wa chai, ofisini kwa walimu, wageni huuliza wilaya ya shule iko wapi, kwa sababu kwao kuna wilaya za shule, yaani maeneo yanayoendesha shule zake yenyewe, takriban 13,000 na sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya mahali pale pale. Kenya walimu wa shule za umma huajiriwa na TSC (Tume ya Huduma za Walimu), mgao wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka kutoka serikali kuu, na elimu ya awali iko chini ya kaunti. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), ulioanza 1985, unaondoka: KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na Gredi ya 10 ya mfumo mpya ikaanza Januari 2026.

Saa 5 ni kazi ya mikono, ile tu iliyoombwa na mwalimu mkuu na bodi. Safari hii ni kupaka chokaa darasa la zamani la mawe ya matumbawe. Fundi ni wa kijiji, analipwa, na wageni ni vibarua wake. Ukuta huu uliwahi kupakwa rangi ya mafuta ukaharibika: mawe huvuta unyevu na chumvi kutoka ardhini, rangi inaziba njia ya kutokea, chumvi inaganda kwa nyuma, kisha rangi inavimba na kubanduka pamoja na lipu. Chokaa hupitisha unyevu.

Kwanza rangi iliyolegea hukwanguliwa kwa brashi ya waya. Mashimo yanazibwa kwa chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu, usiwe mchanga wa pwani, maana una chumvi. Chokaa iliyolowekwa tangu jana huchujwa kwa kitambaa na kuongezwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Kila kijana hutaka kuipaka nzito ili ukuta uonekane mweupe papo hapo. Fundi huwakataza, kwani mkono mzito, yaani tabaka nene, hupasuka. Weupe wake huja inapokauka. Ukuta hulowanishwa kwanza, ama sivyo utafyonza maji yote na chokaa ibaki unga unaochafua sare za watoto. Mikono mitatu myembamba, kila mmoja ungoje siku nzima. Miwani na glavu ni lazima, na mtungi wa maji safi uwe karibu: chokaa ikiingia jichoni, osha dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali.

Saa 7 ni swala, wali wa nazi na samaki, na kujinyoosha kidogo.

Saa 9 kengele inalia, na hapa ndipo ziara nyingi hukosea kwa kuondoka. Watoto wanaenda nyumbani, wanabadili nguo, wanaenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Aliyeona shule peke yake hajaona masomo ya mtoto wa Lamu. Ruhusa ya maalim iliombwa jana. Viatu vinavuliwa mlangoni, kina dada wanavaa mtandio, wote wanakaa mkekani na kunyamaza. Kila mtoto yuko mahali pake katika msahafu: huyu yuko juzuu amma, sehemu ya mwisho ya Kurani inayoanziwa na wadogo, yule amefika mbali, mkubwa anamsikiliza mdogo, na maalim anasahihisha matamshi ya herufi moja moja. Wanafunzi wa ualimu husomeshwa mihula mingi jinsi ya kufundisha viwango tofauti katika chumba kimoja. Hapa wanaona ikifanyika, kwa sauti, watoto arobaini kwa mara moja.

Saa 11 na nusu mashua inarudi mjini.

Saa 2 usiku kila mgeni husoma alichoandika. Sentensi kama "walimu hawana vifaa" hukatwa, aandike alichohesabu: watoto watatu kwa kitabu kimoja cha Sayansi, Gredi ya 5. Nakala ya karatasi zote hupelekwa shuleni siku ya mwisho, na mwalimu mkuu ana haki ya kupinga lolote lililoandikwa humo kabla halijavuka bahari.