Namba 2 ni ya nani?

Binti yangu amepata leseni. Jana ameketi kwenye kiti cha dereva, akatazama vitufe vya mlangoni vinavyokumbuka mkao wa kiti cha kila dereva, akauliza: "Baba, namba 2 ni ya nani?"

Ya bibi yake. Tuliiweka siku Mama alipokubali kushika usukani tena baada ya upasuaji wa goti.

Swichi iliwashwa, gia kwenye P, ya kuegesha. Tulipandisha kiti mpaka akaona boneti vizuri. Akajisogeza hadi mgongo ukagusa egemeo, nami nikasogeza kiti mbele mpaka akakanyaga breki hadi mwisho, goti likiwa bado limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, nguvu ya kukanyaga hupungua. Likikunjika mno, lile goti lake lingeuma. Nikapima kwa futi ya cherehani kutoka kifuani hadi katikati ya usukani: sentimita 22. Haitoshi. Mfuko wa hewa uliomo ndani ya usukani unafumuka kwa nguvu gari likigonga, unahitaji angalau 25. Tukalaza egemeo kidogo, ikafika 27, na vifundo vya mikono bado vilifika juu ya usukani bila mabega kuachana na kiti. Vioo tulivimalizia, kwa sababu macho yakihama navyo vinahama.

Hapo ndipo nilipobonyeza 2 kabla ya SET.

Bila SET, kitufe hakihifadhi. Kinaita mkao uliomo. Na uliomo ulikuwa wangu. Mota ikanguruma chini, kiti kikaanza kurudi nyuma polepole pamoja naye. Mikono ikanyooka, kiatu kikateleza kwenye breki, kidevu kikainuka akitafuta barabara.

"Mwanangu, kinanipeleka wapi?"

Nikagusa swichi ya kiti, kikasimama. Tukarudia yote, futi na vioo. Safari hii SET kwanza, kisha 2 ndani ya sekunde chache. Pii! Vipimo nikaviandika kwenye daftari la gari, kwa kuwa katika baadhi ya magari betri ikichomolewa kumbukumbu hufutika, na kiti hudai kupelekwa mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho kabla ya kuhifadhi tena.

Mama haendeshi tena, macho. Nikibonyeza 2, kiti bado kinasogea mbele kumfuata. Sijui namtunzia nini hasa.

Binti alikuwa ameshaweka kidole kwenye SET.

"Tumia 3," nikamwambia. "Tuanze na kimo."