Siku sinki la studio lilipoziba

Ilikuwa wiki ya tathmini, muhula wa pili wa mwaka wetu wa pili, katika chuo kimoja mjini Kampala. Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati na masinki mawili, moja bomba lake limekufa zamani. Wasanifu wa bidhaa, wafinyanzi na wachapaji wa vitambaa tulikitumia kwa pamoja, kwa hiyo sinki lililobaki lilipokea kila kitu: udongo, wino, gundi, na zaidi ya yote plasta ya jasi ya kutengenezea kalibu, yaani maumbo ya kumiminia udongo.

Asubuhi ya Jumatatu maji yalikataa kushuka. Aliyekuwa ananawa akaondoka bila kufunga bomba vizuri, na tulipokuja kwa wingi sakafu ilikuwa imeshaloa hadi chini ya rafu za vifaa. Mifuko ya plasta iliyowekwa chini moja kwa moja ililowa matako. Iliyopandishwa juu ya mbao ilipona. Plasta iliyonyonya unyevu hata kidogo haifai tena kwa kalibu: inaganda upande huu, inabaki uji upande ule, na ikikauka inamegeka kwa ukucha. Katika miezi ya mvua huhitaji hata mafuriko. Mfuko ulioachwa mdomo wazi unaharibika wenyewe.

Fundi wa studio alikuwa mzee wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule, na wenzetu wengi wa Kampala waliokuwa wakikisikia walidhani aliwahi kuwa askari, kwa kuwa kwao Kiswahili ni lugha ya jeshi, jambo lililomchekesha sana. Sisi tuliotoka Mombasa na Kigoma tulimwita Mzee tu. Siku hiyo alipiga magoti chini ya sinki, akajaribu kufungua ile kona ya bomba ambayo mafundi huiita trapu, ikagoma. Akaita: "Kujeni wote. Hata nyinyi wa kompyuta."

Alilikata bomba kwa msumeno wa chuma, akaligonga taratibu kwa nyundo mpaka plastiki ikapasuka. Ndani mlikuwa na kona nyeupe, ngumu, yenye umbo la bomba lenyewe hadi alama za nyuzi za skrubu. Bomba lilikuwa limegeuka kalibu. Pale alipoikata ungeweza kuisoma: tabaka nene nyeupe, ukanda mwembamba wa udongo mwekundu, tena nyeupe, mstari wa wino wa buluu, nywele, kipande cha wembe, tena nyeupe. Hakuna aliyejitokeza kusema ni yeye, na hata angejitokeza angekuwa anadanganya. Ile ilikuwa kazi ya mihula mingi na mikono mingi.

Wengi wetu tulikuwa tunaamini kwamba ukifungulia maji kwa nguvu plasta itasukumwa ipotelee mbali. Mzee alieleza kwa nini haiwi hivyo. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unaweza kuuloweka ukarudi tope. Plasta haikauki kwanza ndipo iwe ngumu. Inafungamana na maji yenyewe, na itaganda hata ikiwa imezama ndani ya ndoo. Ukiisukuma kwa maji unaipeleka tu kwenye kona, inatulia pale, na baada ya dakika 20 au 30 imekuwa jiwe.

Bomba jipya lilinunuliwa Nabugabo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, likaja kwa boda boda. Gharama haikuwa kubwa. Ofisi iliyohusika iliamua kuikata kwenye amana ya kila mwanafunzi kwa usawa, na mimi hadi leo naona ule ulikuwa uamuzi wa kivivu. Faini ya wote humfundisha mwangalifu kwamba uangalifu wake haumletei faida yoyote, na mzembe anaona amepata punguzo. Bango lililobandikwa juu ya sinki wiki hiyo hiyo, "Tunza usafi", nalo halikumwambia mtu afanye nini na beseni lenye plasta mkononi.

Alichofanya Mzee ndicho kilichobadilisha mambo. Alipanga ndoo tatu kando ya sinki. Ya kwanza ni ya kusuuza mikono na vyombo vilivyo vichafu kabisa, ya pili ya kusuuza tena, na ya tatu ya mwisho. Sinki unalikaribia mikono ikiwa tayari safi. Ndoo zinaachwa usiku kucha mashapo yatulie. Asubuhi maji ya juu yanamwagwa nje, na tope la chini linakwanguliwa na kutiwa kwenye gunia la taka. Plasta iliyobaki kwenye beseni haioshwi hata kidogo: iache igande, kisha likunje beseni la plastiki kwa mikono miwili, itabanduka yenyewe vipande vipande. Ndiyo maana bakuli za chuma alizipiga marufuku, kwani hazikunjiki na watu huishia kuzikwangua kwa kisu.

Akasisitiza beseni liwe safi kabisa, na hapa ndipo wasanifu wengi huona fundi anasumbua bure. Punje za plasta ya zamani zikibaki ndani ya chombo, mchanganyiko mpya unaganda haraka kuliko kawaida. Mtu anapima vizuri, lita 1 ya maji kwa takriban kilo 1.4 za plasta; ananyunyizia plasta ndani ya maji, si maji ndani ya plasta; anaiacha inywe dakika moja au mbili, anakoroga polepole asiingize hewa, halafu kabla hajamimina inamgandia mkononi. Anamlaumu muuza plasta. Wa kulaumiwa ni aliyetumia beseni kabla yake.

Wafinyanzi walikuwa na lao. Kipande cha plasta kikiingia kwenye udongo huwezi kukiona. Chombo kinafinyangwa, kinachomwa, kinatoka tanuri kizuri, kisha baadaye kile kipande kinanyonya unyevu, kinavimba, na kurusha kibanzi cha ukuta wa chombo. Kazi ya muhula inatoboka rafuni. Kwa hiyo baada ya siku ile meza ya plasta na meza ya udongo zilitenganishwa, kila moja na sponji zake na vikwanguo vyake, na vya plasta vikapakwa rangi nyekundu mkiani. Kufagia kukavu nako kukakomeshwa, maana vumbi la udongo lina silika, madini yanayodhuru mapafu, na huelea saa nzima watu wakilivuta. Sakafu ilipigwa deki kwa maji.

Zamu ya usafi ya zamani ilikuwa orodha ya majina, na Ijumaa jina lako likifika uko njiani kwenda nyumbani. Koodineta wetu, yaani kiongozi wa darasa, aliibadilisha ikawa ya vitu: huyu anawajibika kwa ndoo, yule kwa tanuri, yule kwa ufunguo na daftari lake, kwa muhula mzima. Ndoo ikikutwa na jiwe chini, inajulikana pa kuuliza. Nyembe zilizovunjika zikapewa chupa ya plastiki yenye kifuniko, kwa sababu mama wa usafi huushindilia mfuko wa taka kwa mkono.

Anayetoka wa mwisho alipewa jambo moja lisilo na mjadala: swichi kuu. Kampala umeme ukikatika mtu anaacha waya wa moto wa kukatia povu la plastiki na bunduki ya gundi vikiwa vimewashwa, anakwenda kula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, na umeme unarudi saa 5 usiku chumba kikiwa hakina mtu. Ukikatika, chomoa kwanza, ndipo uondoke.

Tathmini ilibaki Ijumaa. Waliokuwa wamemimina kalibu kabla ya Jumatatu walikuwa salama. Waliomimina Jumatano, bomba lilipokwisha kutengenezwa, walileta kalibu mbichi. Kalibu yenye maji hainyonyi uji wa udongo, hivyo umbo halishiki wala haliachii. Mmoja aliyaona mambo yanamwendea kombo akaiweka yake juu ya tanuri lililokuwa likichoma, ikapita mno nyuzi joto 50 ambazo plasta huvumilia, ikawa unga kwenye kingo. Mhadhiri alikubali kutathmini kalibu siku hiyo na kuwapa wiki moja zaidi ya kumimina vyombo vyenyewe, kwa sharti kwamba zikaushwe kwenye rafu ya dirishani, zimeinuliwa juu ya vijiti ili upepo upite pande zote.