Tumba moja safi, mengine ukungu: nilivyorekebisha picha zangu za karafuu

Kila nilipopiga kishada cha karafuu kwa karibu, tumba moja lilionekana safi na mengine yote ukungu. Nikailaumu lenzi, maskini. Kumbe tundu lake la kupitisha mwanga nililiacha wazi kabisa, f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na ukisogea karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri hubaki milimita chache tu. Hata kupumua kwangu kuliiharibu. Nikalibana hadi f/11. Picha zikawa giza, basi nikailaza kamera juu ya mfuko wa mchanga, nikaiacha ipokee mwanga kwa sekunde 1/8, ijipige yenyewe baada ya sekunde 2. Uliobaki kunisumbua ni upepo, nikaamka alfajiri. Mwisho nikasogea ubavuni, kishada kikawa sambamba na uso wa lenzi. Matumba yote yakatoka, hadi sisimizi juu yake.