Siku 37 za mwaka 1914: namna ya kusoma chanzo cha vita na matokeo yake

Mwanafunzi akiulizwa chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jibu huwa tayari mdomoni: mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, ubeberu na utaifa. Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililo la uongo. Lakini yote yalikuwapo mwaka 1905, 1908, 1911 na 1913, miaka ambayo kila mmoja ulikuwa na mgogoro wake, na bado mataifa makubwa ya Ulaya hayakupigana wenyewe kwa wenyewe. Kinachodai maelezo ni kwa nini yalipigana mwaka 1914, na hilo halijulikani bila kalenda.

Kuanzia 28 Juni, siku ya mauaji ya Sarajevo, hadi 4 Agosti, Uingereza ilipoingia vitani, ni siku 37. Chukua karatasi pana, gawa safu sita: Vienna (Austria-Hungaria), Belgrade (Serbia), Berlin (Ujerumani), St Petersburg (Urusi), Paris (Ufaransa) na London (Uingereza). Kila tukio liandike kwenye safu ya mji lilikotokea, pamoja na saa yake ukiipata. Kisha, kwa wino wa rangi nyingine, andika saa ambayo habari hiyo ilifika kwenye miji mingine. Wino huo wa pili ndio wenye kazi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kupuuza telegramu ambayo ilikuwa bado haijafika mezani kwake.

Kuna mitego miwili ya kuangalia mapema. Urusi bado ilitumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo hati ya Kirusi yenye tarehe 17 Julai ni ya 30 Julai kwa hesabu ya Berlin na Paris. Ukizichanganya, utakuta Warusi wanajibu barua ambazo hazijaandikwa. Mtego wa pili ni saa. Makataa ya Uingereza kwa Ujerumani, yaani madai ya mwisho yenye muda maalumu wa kujibu, yaliisha saa sita usiku kwa saa za Berlin, ambayo London ilikuwa saa tano usiku. Vitabu viwili vikitofautiana kwa saa moja, mara nyingi vyote viko sahihi.

Sasa jaza. Tarehe 28 Juni, Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia wa miaka 19, anawapiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, na mkewe Sophie. Tarehe 5 Julai, Berlin inaiahidi Vienna kwamba itasimama nayo hata kama Urusi itaingia. Halafu jedwali linabaki karibu tupu hadi tarehe 23. Wengi huuruka utupu huu, nami naona ni kosa kubwa, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Ulaya nzima ilikuwa bado na hasira ya mauaji mwanzoni mwa Julai. Pigo la haraka dhidi ya Serbia lingeweza kueleweka. Kwa nini Vienna ilichelewa? Tisza, waziri mkuu wa Hungaria, alipinga vita hadi katikati ya mwezi. Vikosi vingi vilikuwa vimepewa likizo ya mavuno, na askari hawakutarajiwa kurudi kabla ya tarehe 25 hivi. Tena Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa ziarani St Petersburg kuanzia tarehe 20 hadi 23, na Vienna haikutaka Wafaransa na Warusi wapokee habari wakiwa wamekaa meza moja. Ikasubiri aondoke.

Barua ya makataa ikakabidhiwa Belgrade saa kumi na mbili jioni ya 23 Julai: madai kumi, saa 48 za kujibu. Jibu la Serbia lilifika tarehe 25, dakika chache tu kabla ya muda kwisha. Lilikuwa la unyenyekevu, likikubali mengi na mengine kuyapunguza makali, lakini lilikataa katakata dai la sita, la maofisa wa Austria-Hungaria kushiriki uchunguzi wa mauaji ndani ya Serbia. Giesl, balozi wa Austria-Hungaria mjini Belgrade, alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Aliipitia hati haraka, akatangaza uhusiano umevunjika, na saa kumi na mbili na nusu akawa ndani ya treni. Ukilitazama jambo hili kwa ukaribu namna hiyo, unaona barua iliandikwa ili ikataliwe. Vita dhidi ya Serbia ilitangazwa tarehe 28, kwa telegramu.

Hadi hapo ni vita ya nchi mbili. Kilichoigeuza kuwa ya bara zima ni amri za kukusanya majeshi, na hapa ndipo pa kutulia zaidi. Jioni ya 29 Julai, afisa wa Kirusi alikuwa tayari ofisi kuu ya telegramu, amri ya kuita jeshi lote mkononi, mitambo ikisubiri, pale simu ya Tsar Nicholas ilipokuja kumzuia. Tsar alikuwa amepokea telegramu ya binamu yake, Wilhelm wa Ujerumani, akabadili nia. Kesho yake alasiri waziri wake wa mambo ya nje, Sazonov, alimshawishi tena, na safari hii amri ikatoka. Majenerali walisisitiza kwamba kuita sehemu tu ya jeshi kungeivuruga ratiba ya treni kiasi kwamba jeshi lote lisingeweza kuitwa baadaye kwa utaratibu.

Kwa Urusi, jeshi lililokusanyika lingeweza kukaa mpakani wiki kadhaa bila kufyatua risasi. Kwa Ujerumani haikuwa hivyo, na sababu yake ina jina la mahali: Liège, mji wa Ubelgiji. Schlieffen, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, katika waraka wake wa 1905, alitaka kupita Ubelgiji na kipande cha Uholanzi ili kuizunguka Ufaransa. Mrithi wake, Moltke, aliiondoa Uholanzi kwenye mpango. Matokeo yake majeshi yote ya upande wa kulia yalilazimika kupenya kwenye mlango mwembamba wa Liège, mji wenye ngome na makutano ya reli. Ngome hizo zilitakiwa kutekwa ndani ya siku chache za mwanzo, kabla Wabelgiji hawajajipanga. Ndiyo maana mapambano ya Liège yalianza mara tu baada ya kuvuka mpaka tarehe 4 Agosti. Kwa mpango wa namna hiyo, kukusanya jeshi na kuanza vita ni kitu kimoja. Jioni ya 1 Agosti Wilhelm aliposikia kwamba huenda Uingereza na Ufaransa zikakaa kando, alitaka jeshi lote lielekezwe mashariki. Moltke akamjibu haiwezekani. Mpango wa kupeleka nguvu zote mashariki ulikuwa umeachwa kuhuishwa tangu 1913.

Jedwali likijaa, yale maneno manne unaweza kuyapima moja moja. Miungano, kwa mfano. Husemwa kwamba ilizivuta nchi vitani moja baada ya nyingine. Lakini Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti, ilhali Austria-Hungaria, ambayo ugomvi ulikuwa wake, ilifanya hivyo tarehe 6. Italia ilikuwa kwenye Muungano wa Nchi Tatu, pamoja na Ujerumani na Austria-Hungaria, tangu 1882. Ikakaa nje, na Mei 1915 ikaingia vitani upande wa pili. Uingereza haikuwa na mkataba wa kuilazimisha kuipigania Ufaransa. Hati iliyoinyooshea kidole ilikuwa ya 1839, ya kulinda Ubelgiji isiyofungamana na upande wowote. Ubeberu nao unahitaji uangalifu. Juni 1914, wiki mbili kabla ya Sarajevo, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimefikia makubaliano kuhusu reli ya Baghdad. Mashindano ya makoloni yalijenga uadui wa muda mrefu, lakini si yaliyowasha moto mwezi ule.

Kuhusu nyaraka, tahadhari moja inatosha. Vita ilipoanza, kila serikali ilichapisha kitabu chake cha barua za Julai: Wajerumani cheupe, Waingereza cha buluu, Warusi cha rangi ya chungwa, Wafaransa cha njano. Vilichapishwa kwa ajili ya kujitetea. Katika kile cha njano, telegramu ya balozi wa Ufaransa mjini St Petersburg ya 31 Julai ilibadilishwa. Ya asili ilieleza kwa ufupi tu kwamba jeshi lote la Urusi limeitwa. Iliyochapishwa iliongeza kwamba Urusi imefanya hivyo kwa kuwa Austria-Hungaria imetangulia kuita lote la kwake. Angalia jedwali lako: amri ya Vienna ya kuita jeshi lote ni ya tarehe 31, ya Urusi ni ya tarehe 30. Kalenda inamuumbua mhariri.

Matokeo yanahitaji karatasi nyingine, yenye safu tatu: vita ilivunja nini kabla ya mkataba wowote, mikataba iliandika nini, na kipi kilitekelezwa. Wanafunzi huzichanganya. Austria-Hungaria haikuvunjwa na mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani. Chekoslovakia ilijitangaza 28 Oktoba 1918, mapigano yakiwa bado hayajasitishwa. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliigawa dola ya Osmani kwenye karatasi, lakini haukuidhinishwa, na mwaka 1923 nafasi yake ikachukuliwa na ule wa Lausanne. Mkataba wa Versailles wenyewe, uliosainiwa 28 Juni 1919, Bunge la Seneti la Marekani liliukataa.

Ibara ya 231 ya mkataba huo ndiyo inayotajwa zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Inaibebesha Ujerumani na washirika wake dhima ya hasara iliyotokana na vita. Neno hatia halimo. Ibara inayofuata inakiri kwamba mali ya Ujerumani haitoshi kulipa yote. Mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132, namba inayotisha mpaka uifungue. Iligawanywa katika hati za madeni za aina tatu, A bilioni 12, B bilioni 38 na C bilioni 82, na hizi za C hazikutarajiwa kwa dhati kulipwa. Hadi malipo yalipokoma mwaka 1932, kilicholipwa kinakadiriwa kuwa bilioni 20 hivi.

Kwa hiyo yule anayeandika kwamba Versailles ilimleta Hitler ajibu kwanza hesabu hii: Mei 1928, karibu miaka tisa baada ya mkataba, chama chake kilipata asilimia 2.6 ya kura. Septemba 1930, baada ya uchumi wa dunia kuporomoka, asilimia 18.3. Julai 1932, asilimia 37.3. Mkataba ulikuwa ule ule muda wote huo. Uchungu wake ulikuwa kuni. Lazima aeleze kilichoziwasha.

Upande wa Afrika Mashariki husahaulika kwenye safu hizi, na haustahili kusahaulika. Mapigano ya Ulaya yalisitishwa 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa maradhi na uchovu. Jina Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi chao, Carrier Corps. Kwa Ibara ya 119 ya Versailles Ujerumani iliachia makoloni yake yote, na Ibara ya 22 ikayaweka chini ya usimamizi wa Ligi ya Mataifa: Tanganyika ikasimamiwa na Uingereza, Ruanda-Urundi na Ubelgiji. Kipande kidogo cha Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, ambacho Wajerumani walikikalia mwaka 1894 na Wareno wakakitwaa Aprili 1916, walipewa Wareno moja kwa moja. Ndiyo maana mpaka wa Tanzania na Msumbiji sasa unaufuata mto mpaka baharini, badala ya kuuacha karibu na pwani na kukatia kusini.