Sawa mama

Tangu Jumamosi jioni hiyo "sawa mama" haijanitoka kichwani.

Yule kijana anayepiga gitaa kwenye kwaya yetu kanisani, nilishamwandika hapa. Tumemaliza mazoezi, mi napanga vitabu vya nyimbo kabatini, akasema, tena anacheka vizuri tu, "Mama, hicho chako si kingeenda makumbusho sasa?" Kitabu chenyewe ni kile cha marehemu mama, jalada limeshikiliwa na gundi, kurasa za Kwaresima zinachomoka. Nikajibu papo hapo bila hata kuvuta pumzi, "Na hizo nyimbo zenu za kwenye simu, chaji ikiisha zinabaki wapi?" Wenzake wakaguna uuuh. Yeye akasema "sawa mama", akainama akaendelea kukunja waya wa spika, taratibu, utadhani umerefuka ghafla.

Dada kajifungua mapacha Jumatatu, salama, Mungu ni mwema, na kazini nimehamishwa kitengo, lakini hata njiani kwenda wodini bado namjibu yule kijana, mara kwa upole, mara kwa ukali zaidi, halafu nasikia tena sawa mama.

Siwezi kudanganya, kitabu kiliniuma. Siku tunamzika mama sikuwa na sala yangu hata moja, mdomo umekauka, nikashika maneno ya watu waliokufa zamani, hawakunijua, nikayaimba kama yangu. Hayo ndiyo ya kupeleka makumbusho?

Basi jana usiku nikakifungua kutafuta wimbo wa Jumapili, nikakuta pembeni mwandiko wa mama, penseli imefifia: "MPYA. Wazee wamenuna. Tuimbe taratibu."

Huo wimbo nimeuimba tangu utotoni nikidhani ulikuwepo siku zote kama nguzo za kanisa! Nikakaa kitandani kitabu kiko mapajani. Kumbe na mama alishawahi kuambiwa sawa tu, wewe imba hizo zako. Na kila Desemba ni mimi huyuhuyu nawafundisha watoto kwamba Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1818 kule Oberndorf, Austria, kwa gitaa. Gitaa! Miaka yote hiyo nafundisha na sikuwahi kujisikia ninachosema. Nikaenda Mathayo 13:52, yule mwenye nyumba anatoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale, hazina moja, na vipya vimetajwa kwanza, hilo nimeliona jana.

Ule wimbo wa Pasaka wa hao vijana, wa mstari mmoja unaorudiwarudiwa, niliulalamikia sana. Leo nimeuimba wote naosha vyombo, na pale kwenye "yu hai" nikasimama na sahani mkononi.

Asubuhi nimeupiga picha ule ukurasa nikamtumia yule kijana, nimeandika tu nisamehe mwanangu, Jumamosi njoo na gitaa mapema tuupitie huu. Ameshaona. Hajajibu.

Na yule pacha mdogo bado hanyonyi vizuri, shemeji kasema wanaangalia mpaka kesho.