Kwadi ndogo kwenye mbuga na miamba ya Magu: nilivyojifunza kufika

Watu wa huku kanda ya ziwa wanaotaka kununua pikipiki ya matairi manne, ile tunayoiita kwadi, huniuliza swali moja kabla ya yote: ninunue ya cc ngapi? Jibu langu huwakera wengi. Nawaambia waniambie kwanza nani ataiendesha na atapita kwenye udongo gani. Hesabu ya cc ije baadaye.

Mimi natibu mifugo. Shamba ninalofanyia kazi liko Magu, upande wa Ghuba ya Speke, na ardhi yake inashuka kutoka vilima vya mawe hadi karibu na maji. Kiangazi unafika kokote kwa bodaboda. Masika yakiingia, mabonde yanajaa maji, majaruba yanapandwa mpunga, ng'ombe wanapelekwa juu vilimani, nami nawafuata huko na sanduku la chanjo. Chanjo nyingi za ng'ombe zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zimeharibika, na zikiganda, nyingi zimeharibika vilevile. Kwa hiyo ninapozungumzia kukwama au kutokwama, nazungumzia mfugaji aliyekusanya ng'ombe wake tangu alfajiri akinisubiri.

Shamba lina kwadi mbili. Moja ni kubwa, cc 700, inavuta kwa matairi yote manne, ina winchi mbele, na uzito wake unapita kilo 300. Hiyo huendeshwa na meneja. Nyingine ni Honda ya zamani ya cc 229, inavuta kwa matairi ya nyuma tu, kilo zake kama 200. Nilikabidhiwa hiyo ndogo kwa sababu mimi ni mwanamke mwenye kilo 60, na iliaminika kwamba nyingine ingenishinda. Leo ukiniambia nichague ya kwendea vilimani wakati wa masika, nachukua ileile ndogo, na nina sababu.

Kama watu wengi wa Mwanza, nilijua pikipiki ya kawaida kabla ya kugusa kwadi. Kilichonichukua muda ni kuyatoa mwilini mazoea ya bodaboda. Kwenye bodaboda ukiyumba unashusha mguu. Kwenye kwadi, ukishusha mguu mashine ikiwa inatembea, tairi la nyuma linaupanda na kukuvuta chini. Miguu inakaa kwenye vikanyagio, hata ukiona kabisa kwamba inataka kulala. Mafuta nayo hayazungushwi kwa kiganja, yanasukumwa kwa kidole gumba cha kulia, na kila bonde la njia linataka kukisukuma kidole hicho bila ruhusa yako. Ikabidi nijifunze kushika usukani kwa vidole vinne na kukiacha cha gumba huru.

Kona ndiyo iliyonifundisha zaidi. Bodaboda inalala yenyewe kwenye kona, kwadi hailali. Halafu ekseli ya nyuma ya mashine kama yangu haina difu: tairi la kushoto na la kulia yanazunguka kwa mwendo uleule, wakati kwenye kona tairi la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Ukikata usukani huku umekaa wima, mashine inakataa, inaendelea kwenda mbele, na ukikimbia zaidi inakurusha nje. Dawa yake iko mwilini. Kifua unakiegemeza ndani ya kona, uzito unaukandamiza kwenye kikanyagio cha nje, tairi la ndani linakuwa jepesi kidogo na kuteleza, na hapo ndipo mashine inageuka. Hakuna cc itakayokufanyia kazi hiyo.

Hapo ndipo nilipoona faida ya udogo. Kilo zangu 60 juu ya mashine ya kilo 200 ni karibu theluthi ya uzito wake. Nikisogea kiganja kimoja tu kwenye siti, inaniitikia. Kilo hizohizo juu ya mashine ya kilo 320 hazifiki hata sehemu moja ya tano, kwa hiyo lazima nisogee zaidi, mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi, ili nipate jibu lilelile. Mtu mzito aliyefundishwa vizuri ataimudu kubwa. Mtu asiyefundishwa anapanda kubwa na kukaa tuli kama mzigo, nguvu ya injini inamvusha sehemu kumi rahisi, naye anaamini anajua kuendesha. Ya kumi na moja inampindua, na sasa ana kilo 320 zinazomwangukia. Hili naliogopa kweli.

Na siti ile ndefu haikutengenezwa kwa abiria. Ni ndefu ili dereva apate nafasi ya kwenda mbele akipanda na kurudi nyuma akishuka. Nikiona jinsi tulivyozoea mshikaki, watu watatu juu ya chombo kimoja, naumia zaidi ninapoona kwadi ufukweni siku za sikukuu imebeba baba, mama na mtoto mbele. Baba hawezi kusogea. Amenyang'anywa kile pekee kinachoizuia isipinduke. Marekani, ambako mashine hizi zilienea kwanza, ushauri unaotolewa miaka mingi ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asipande kwadi ya mtu mzima. Huko huko ndiko uuzaji wa zile za matairi matatu ulikosimamishwa mwaka 1988, baada ya ajali nyingi. Wanaodharau ndogo nawakumbusha pia kwamba ya kwanza ya matairi manne iliyouzwa kule na Suzuki, mwaka 1982, ilikuwa ya cc 125.

Mazoezi yangu niliyafanya kiangazi, kwenye mchanga mkavu wa ufukweni ambako hakuna mtu wa kugonga. Nilipanga madumu ya njano ya maji nikawa nazunguka namba nane katikati yake, kwa gia namba moja, mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo mdogo ndio mgumu. Kasi inaficha mambo mengi, polepole hakuna cha kujificha nyuma yake. Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa, kisha nimesimama nusu, magoti yamekunjwa, mpaka mwili ukaacha kufikiri. Vijana wa shamba walikuwa wakiuliza kwa nini nachezea mchanga badala ya kwenda porini. Nilikuwa nakwenda porini.

Mwalimu wangu wa pili hajawahi kupanda kwadi. Ni mzee mchungaji wa pale shambani, na anaijua ardhi hii kwa majina ambayo Wasukuma wamekuwa wakiyatumia kulimia. Juu kabisa, chini ya miamba, kuna mchanga wa luseni. Ukishuka unakuta itogolo, ambayo chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana majaruba mengi yako huko. Chini kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa ndama unaingia, na masika unavimba na kunata.

"Mayu," yaani mama, aliniambia, "usiangalie njia. Angalia majani. Njia imekwishakanyagwa."

Kila udongo unataka mkono wake. Kwenye luseni unaweza kutoa mafuta kwa uhuru, mchanga uliolowa unashika vizuri kuliko mkavu. Itogolo ni ya hadaa: juu kuna utelezi mwembamba, chini pagumu, kwa hiyo mashine haizami lakini inakwenda upande inakotaka yenyewe. Pale nakwenda kwa gia ya juu kidogo kuliko ninavyotamani, mafuta kidogo, usukani haukatwi ghafla, na matuta ya majaruba nayavuka kwa kuyakabili uso kwa uso, siyo kwa ubavu.

Mbuga ndiyo inayopima watu. Tope lake linajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini, halishiki tena. Ukiongeza mafuta wakati huo, matairi yanachimba tu. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku kucha, tulitoka wote wawili kwenda vilimani. Tulipofika mbugani nikamwambia meneja, "Ngoja kaka, nikague kwa miguu kwanza." Akanijibu kwa upole tu, "Daktari, hii inavuta yote manne. Nifuate." Akashika njia ya mkokoteni. Nusu ya kwanza alipita vizuri. Kisha matairi yakavaa tope, akaongeza mafuta, matairi manne yakachimba mashimo manne, na mashine ikalalia tumbo. Winchi ilikuwepo, lakini winchi inataka mti wa kufungia kamba, na pale mbugani mti wa karibu ulikuwa mbali kuliko urefu wa kamba.

Mimi nilitembea kwanza, nikipima kwa kisigino. Pembeni ya njia palikuwa na vishungi vya nyasi ngumu, vimefuatana hadi ng'ambo, na mizizi yake ilikuwa inashika udongo. Nikapanda, gia namba mbili, mafuta ya kidole yasiyobadilika, nimeinuka kidogo kwenye siti, macho yako kwenye kishungi kinachofuata na si kwenye tairi. Mara mbili nyuma ilianza kuteleza na mara zote mbili nilipunguza mafuta kidogo badala ya kuongeza, nikahamishia uzito upande wa pili, ikarudi. Niliwahi ng'ombe, nikachanja, barafu ikiwa bado ngumu ndani ya sanduku. Kwadi kubwa ilitolewa na maksai wawili wa jirani, wale wale wanaolima majaruba.

Upepo wa matairi ulinisaidia pia siku ile, na hili watu hawalijui. Matairi ya kwadi yanataka upepo mdogo sana, kwangu ni kati ya psi 3 na 5, wakati gari dogo huwa karibu na 30. Fundi wa pancha wa barabarani akiachiwa atajaza kama anavyojaza bodaboda, na tairi likiwa gumu hivyo linadunda kwenye mawe na kuzama kwenye tope, maana limekanyaga eneo dogo. Nunua geji ya kupima upepo mdogo. Ile ya kawaida ya magari haisomi vizuri huko chini.

Ukishatoka mbugani unabaki na mawe. Si bure Mwanza inaitwa jiji la miamba, na hii granaiti inaendelea hadi huku kwetu. Ikiwa kavu inashika tairi vizuri mno. Ikilowa, pale penye ukungu wa kijani, ni bora ushuke utafute njia nyingine. Kupanda, nasogea mbele hadi kifua kikaribie usukani, na gia naichagua chini kabisa kabla sijaanza, kwa sababu kubadilisha katikati ya kilima kunapoteza mwendo. Injini ikizima katikati, nakamata breki hapohapo, uzito wangu naubakiza upande wa juu, nashukia upande wa juu. Ikianza kurudi nyuma, breki ya nyuma ikikamatwa ghafla inaweza kuinua mbele na kuipindua mashine juu yako. Kushuka ni kinyume chake: makalio nyuma, gia ndogo, injini ndiyo inazuia, breki kidogo kidogo. Nikipita ubavuni mwa kilima, mwili wote unaegemea upande wa juu, na mashine nyepesi hapo inasamehe zaidi.

Baada ya siku ile ya maksai, meneja alikuja mwenyewe ufukweni kwenye madumu. Ni mtu anayejifunza haraka, na sasa anaiendesha ile kubwa kwa namna inayostahili. Kuna mahali anapita mimi siwezi. Kwenye korongo lenye kingo ndefu, matairi yake ya mbele yanajivuta juu wakati yangu yanasukumwa tu. Akibeba magunia ya chakula cha mifugo au kuvuta tela, Honda yangu haina la kusema. Nikiwa na mitungi mizito namwomba yeye anipelekee.

Kwa hiyo jirani yetu mmoja wa Ilemela mwenye mabwawa ya samaki aliponiuliza majuzi, nilimwambia kazi yake ya kuvuta tela la chakula na nyavu inataka mashine kubwa, anunue. Ila kabla ya kununua aje na helmeti yake, buti ndefu za kufunika kifundo cha mguu na glavu, ajifunze kwenye ndogo yetu kiangazi hiki. Amekubali. Dereva wake, kijana wa bodaboda mwenye mikono mizuri sana, bado anashusha mguu wa kushoto kila kona. Tunaanza na hapo.