Enyi Mlioamini, Pelelezeni

Ndugu zangu katika imani, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kwamba akitujia mpotovu na habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba Al-Walid bin Uqba alitumwa na Mtume kukusanya zaka kwa kabila la Banu Mustaliq, akasikia kuwa wametoka kwa wingi kumlaki, akaingiwa na hofu, akarudi Madina akisema wamekataa zaka na wametaka kumuua. Jeshi lilikaribia kutumwa dhidi ya watu waliotoka kumpokea mgeni. Nami kila ninaposoma kisa hiki hushtuka kwamba aya haimsemeshi mleta habari. Inatusemesha sisi tunaoipokea.

Wenye itikadi kali wanaujua udhaifu wetu huo wa kupokea habari bila kuipeleleza. Septemba 2013, damu ingali ikimwagika katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, Al-Shabaab walikuwa wakiandika kwenye Twitter kwamba Waislamu walitengwa kwanza ndipo mashambulizi yakaanza, na akaunti yao ilipofungwa walifungua nyingine. Miongoni mwa watu 67 waliouawa, Waislamu walikuwamo. Lakini uongo ulikwishasafiri, ukimwambia kijana aliye peke yake na simu yake kwamba dini imebariki mauaji yale.

Mwezi uliopita, baada ya Magharibi, kundi letu la familia lililetewa picha ya watoto waliojeruhiwa, pamoja na sauti ya mtu anayelia akidai kwamba hayo yametokea katika msikiti usio mbali na kwetu, na kwamba atakayenyamaza ni mnafiki. Kidole changu kilikuwa tayari kusambaza. Nilimpigia mzee anayeswali msikiti huo. Ndiyo kwanza alikuwa anavaa viatu mlangoni, na kulikuwa shwari. Kumbe picha ni ya vita vya nchi nyingine, ya miaka mingi nyuma. Hata hivyo, mtoto wa shangazi yangu, mwenye miaka 17, alikuwa ameshaandika kwamba wakati wa kulipiza kisasi umefika.

Nilimwita usiku ule ule, nikamsimulia habari za basi lililovamiwa na Al-Shabaab karibu na El Wak, Mandera, tarehe 21 Desemba 2015, jinsi abiria Waislamu walivyokataa kutenganishwa na Wakristo, wanawake wakawapa wenzao hijabu wajisitiri, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Alisikiliza kimya, akaifuta sauti ile, kisha akaniomba nimtajie tena jina la mwalimu.